Jinsi Futi Alivyouvisha Waya Nguo

Jongeeni, nyote mlio na masikio na mahali pa kukaa. Mwenye chungu motoni apunguze moto, mwenye mgeni aje naye, na mwenye simu mkononi ailaze kifudifudi, kwa maana ninayoyaanza sasa hayafai kusikilizwa kwa sikio moja. Wako waliowatukuza watu waliobomoa ngome, na wako waliowaimba watu waliovuka mito iliyofurika huku farasi wao wakizama. Mimi nimekuja kumtukuza mtu aliyeingia duka la vifaa vya umeme asubuhi, akaingia tena mchana, akaingia tena alasiri, na hatimaye akatoka na viungio vya paipu vilivyoenea. Msicheke bado. Mahali pa kucheka pakifika nitawaambia.

Wala asije mtu akadhani nimeyaokota njiani. Nilikuwepo. Ukuta wa ua wangu na ukuta wa ua wa shujaa ni mmoja, tena ni mfupi, na kiti kilichokaliwa siku ile ya kuzingirwa, kiti cha mbao chenye mto wa maua mekundu, kilitoka sebuleni kwangu. Kiti hicho mkiweke akilini.

Shujaa mwenyewe alikuwa fundi cherehani, na mtaa mzima ulimwita Futi, kwa sababu futi yake ya kupimia haikumtoka shingoni hata alipokwenda kunyoa. Huyo ndiye Futi Mvisha Maharusi, Futi Bingwa wa Pindo, Futi ambaye mtu akivuka barabara mbele yake alikuwa akikutajia kiuno chake na urefu wa mkono wake, na usibishe. Wanene walimjia, wembamba walimjia, wenye bega moja juu na jingine chini walimjia, na wote walitoka kwake wamenyooka. Duniani alibakiwa na adui mmoja tu, naye hakuwa mbali. Alikuwa ukutani kwake, na jina lake lilikuwa waya wa pampu ya maji.

Waya huo ulitoka kwenye sanduku la swichi, ukateremka ukutani, ukakata pembe ya ua, ukaingia kwenye pampu iliyokaa chini ya tangi. Ganda lake lilikuwa limepasuka kwa jua na uzee. Mtu mwingine angemwita fundi umeme siku hiyo hiyo. Futi, kwa kuwa ni Futi, aliupima, akachukua bitana ya hariri iliyobaki kwenye koti la bwana harusi, akaushonea mkono mrefu mwembamba, mshono kwa ndani, pindo mbili, akauvika. Nasema kweli, sijapata kuona waya uliopendeza kama ule, na majirani walikuwa wakija kuutazama. Kisha mvua ikanyesha, bitana ikanywa maji ikashiba, na mama mkwe wake, aliyekuwa amekuja kumjulia hali binti yake, akaenda kuchota maji na kuishika pampu kwa mkono mbichi.

Umeme haukumuua, Mungu ashukuriwe. Ulimrusha tu, akaangukia ndoo, ndoo ikaangukia kuku wa watu. Alipoinuka, kilemba kikiwa upande, aliapa mbele yetu sote tuliokuwa tumepanda juu ya chochote kinachopandika, kwamba hatakanyaga tena ua ule mpaka waya ule uvishwe nguo ya kweli na mtu anayeijua kazi hiyo. Akaenda zake bila hata kuaga kuku.

Huyu hakuwa mwanamke wa kuapa leo na kusahau kesho. Miezi ikapita, hakuja. Futi akasema atamwita fundi wiki ijayo, na wiki ijayo ikawa na harusi, na iliyofuata ikawa na harusi mbili. Wakati huohuo mkewe alikuwa mjamzito, mimba ya kwanza, na tumbo likakua mpaka miguu ikavimba na usingizi ukamhama. Mchana alijifanya haogopi. Lakini aliogopa sana, nami niliyekuwa naongea naye juu ya ukuta nilijua, na mumewe alijua zaidi yangu. Alipoulizwa anatamani nini, matunda, maji baridi, feni mpya, alijibu neno moja, kwamba anamtaka mama yake.

Basi, asubuhi ya siku ile tukufu, teksi ilisimama langoni. Akashuka mama mkwe na begi kubwa la kukaa siku nyingi. Akalitua chini, akachungulia katikati ya vyuma vya lango, akauona waya ukutani ukiwa bado na nguo yake ya hariri, sasa imepauka na kuota ukungu. Hakuingia. Aligeuka akaniona nikiwa mlangoni kwangu, akaniomba kiti kwa sauti ya adabu kabisa. Nikampa. Akakiweka nje ya lango, akaketi, akaweka mikono juu ya mapaja, na vita vya kuzingira vikaanza.

Binti yake akaja na mkeka wake akakaa upande wa ndani. Wakashikana mikono kati ya vyuma. Futi akatoka na futi yake shingoni na pini mdomoni, akamsalimu mkwewe kwa unyenyekevu mkubwa, na yule mama akamjibu vizuri, akamuuliza habari za kazi, akamuuliza habari za afya, kisha akaitoa hotuba yake.

"Mkwe wangu," akasema, "wewe unavisha mji mzima. Wanaokwenda kuolewa wanatoka kwako wanang'aa, na mimi mwenyewe gauni hili nililovaa ni mkono wako, sikunyimi haki yako. Lakini waya wako umeuacha uchi, kisha ukauvalisha kitu cha kwendea sherehe. Nimekuja kumpokea mjukuu wangu, na nitampokea. Ila niliapa, na ua huu siuingii ulivyo. Nitakaa hapa hapa mpaka jua litakapogusa paa lile. Likiligusa na waya bado uko vile, nampandisha binti yangu gari tunakwenda kwangu, akajifungulie huko. Wewe utaletewa habari."

Futi akaitema pini. Kwa mama mkwe ni safari ya kutwa, na mtoto alikuwa anatarajiwa wakati wowote. Akamtazama mkewe, akitegemea atacheka, aseme mama anatania. Mkewe hakucheka. Alitazama chini, akasema polepole, "Na mimi nitakwenda. Siwezi kuzaa bila mama."

Hapo ndipo shujaa alipojua kwamba siku ile hakuna gauni litakalokatwa. Alimpigia simu fundi umeme, mtu ambaye juma lililopita alikuwa ameshaleta waya mpya na paipu ya kuupitishia, ile paipu ya plastiki ya kijivu yenye mikunjo, inayopinda unakotaka, na kuviacha pembeni mwa ua kwa maelezo yaliyo wazi. Kazi ya kufunga ni yake. Kazi ya Futi ni kununua viungio viwili tu, kimoja cha kuishika paipu kwenye sanduku la swichi na kimoja cha kuishika kwenye pampu, kwa sababu paipu isiyo na kiungio ni mkono wa shati usioshonewa begani, unaning'inia tu na maji yanaingia. Fundi umeme akasema atapita alasiri akitoka kazini, na kesho yake anasafiri kwa kazi ya muda mrefu. "Nikute viungio vipo, fundi," akamwambia. "Visipokuwepo, mimi siwezi kufunga hewa."

Viungio viwili. Mnasikia udogo wa jambo? Ndivyo alivyousikia Futi, akacheka kwa ujasiri, akamtangazia mkwewe kupitia lango kwamba kabla chai haijapoa atakuwa amerudi, kwamba mkono huu umepima mabega ya wakubwa na viuno vya warembo, hivyo hautashindwa na paipu. Akaichukua paipu, akaizungushia futi pale katikati, akavuta kidogo, akalegeza kidogo ili aweze kupumua, akasoma. Inchi tatu na ushee. Hakuandika, kwa kuwa kipimo kikishaingia kichwani kwa Futi hakitoki. Akaondoka mtaani kwa mwendo wa mtu anayepigiwa ngoma.

Duka la vifaa vya umeme liko baada ya kinyozi, chumba chembamba chenye kaunta ya wavu na rafu zinazopanda mpaka giza la dari. Muuzaji wake anaitwa Subiri, maana hilo ndilo neno lake la kwanza kwa kila mtu, hata kwa anayeleta pesa. Futi akasubiri. Zamu yake ilipofika akasema anataka kiungio cha paipu, kiuno inchi tatu na ushee.

Subiri akauliza kiuno cha nani. Akajibiwa, cha paipu. Subiri akaitafakari sentensi hiyo, akaona foleni ni ndefu, akaamua mwenye paipu ndiye anayeijua paipu yake. Akauliza swali ambalo kila muuzaji wa vifaa huuliza, kwa kuwa kwa lugha yao kiungio chenye meno ya kukazia kwa nje huitwa cha kiume, na chenye meno kwa ndani cha kike.

"Unataka kiume au kike?"

Na Futi, ambaye mwili wake ulikuwa kauntani na moyo wake ulikuwa langoni, akajibu kwa dhati, "Chochote Mungu atakachojalia."

Foleni nzima ikaitikia amina. Hapa mnaweza kucheka, kwa sababu nao walicheka, mmoja mpaka akashika ukuta, na jibu lile lilifika mtaani kwetu kabla ya aliyelitoa. Subiri peke yake hakucheka. Alipanda ngazi, akashuka na kitu cheusi kizito, akakifuta vumbi, akasema nenda kajaribu, ukikirudisha hakina mikwaruzo nitakubadilishia.

Naam, alirudi nacho amekikumbatia. Kilikuwa kiungio kweli, lakini cha mabomba ya kiwandani, na shujaa alipokileta karibu na paipu yake, paipu ilipita katikati bila kugusa upande wowote, ikatokea ng'ambo. Mama mkwe alikiangalia kwa muda kupitia lango. Aliuliza kama hicho ni kiungio au bakuli, na kama ni bakuli basi akiletee na uji. Mkewe alificha uso kwenye upande wa mtandio, mabega yakitikisika, na Futi aliona afadhali hata hivyo, maana anayecheka bado hajaondoka.

Akampigia simu fundi umeme. Yule bwana alikuwa juu ya dari ya nyumba ya watu, tochi mdomoni, na maneno yakawa yanatoka kwa taabu. Akasema paipu haipimwi kiuno, paipu hupimwa tundu lake la ndani. Akasema, na haya ndiyo maneno yaliyotaka kuivunja nyumba, "Chukua robo tatu. Kimoja nyoofu, kimoja kona. Vyenye mpira." Kisha kitu kikaanguka huko darini na simu ikakatika.

Enyi mliokaa hapa, lipimeni neno hilo. Mtu wa vifaa akisikia robo tatu anaona inchi moja iliyokatwa robo na kubakia tatu. Futi hakuwa mtu wa vifaa. Alisikia robo, akasikia tatu, akatulia baina ya maneno hayo mawili kama mtu aliyetulia baina ya kitambaa na bitana, na akaelewa hivi: vya robo, viwe vitatu. Ndiyo, kimoja ni nyoofu na kimoja ni kona, hivyo ni viwili, lakini hilo halikumsumbua hata chembe. Hakuna shati lililotoka kwenye cherehani yake bila kifungo kimoja cha ziada kushonewa upande wa ndani, kwa siku ile mwenzake atakapopotea. Bila shaka na watu wa umeme wana desturi hiyo njema, alijiambia, na akawaheshimu kwa mara ya kwanza.

Jua lilikuwa utosini alipoingia dukani mara ya pili. Walioko kwenye foleni walimuuliza kama Mungu ameshajalia. Alisimama mbele ya wavu, akanyoosha mgongo, akatamka neno kwa neno kwamba anataka vya robo, viwe vitatu, kimoja nyoofu, kimoja kona na kimoja cha akiba, vyote vyenye mpira wa kuzuia maji. Subiri akainua uso, akamuuliza ana uhakika ni robo. Akajibiwa kwamba hayo ni maneno ya fundi mwenyewe, kutoka darini. Na kwa kuwa mtu aliyetaja nyoofu na kona na mpira huonekana anajua anachotaka, Subiri akalipokea lile bakuli na kumpa alichotaka.

Alipofika nyumbani alipitiliza mpaka chini ya tangi. Alichutama karibu na pampu, akatoa kiungio cha kwanza kwenye mfuko, akakileta kwenye mdomo wa paipu. Hakikuingia. Wala kisingeingia hata kama angekibembeleza mpaka mwaka mwingine. Akakitazama, akakijaribu kwenye ncha ya kidole chake kidogo, na hapo kikamwenea barabara. Alikuwa amenunua kastabini tatu, vile vikofia vya kukinga kidole na sindano.

Mama mkwe safari hii hakutania. Aliangalia paa, akaangalia jua, akajisogeza kidogo kwenye kiti changu. Mkewe akainuka kwenye mkeka kwa kushikilia lango, akaingia ndani taratibu, na alipotoka alikuwa na begi lake dogo mkononi, lile lililokuwa limepangwa nguo za mtoto. Akaliweka chini kando ya lango. Futi akaliona. Akakaa sakafuni, kando ya pampu, kiungio kikiwa bado kidoleni, na uso wake ukawa uso ambao sijauona kwake hata siku alipounguza gauni la harusi saa chache kabla ya harusi. Mimi ni mtu wa kucheka, kila mtu anajua. Hapo sikucheka.

Ndipo mkewe akasema, bila kumtazama, huku akirekebisha zipu ya lile begi, "Wateja wakija kukuelezea rangi ya uzi wanayoitaka, huwa unawaambiaje?"

"Nawaambia wasinieleze," akajibu Futi kwa sauti ya chini. "Nawaambia waniletee kipande."

Nikamwona anauangalia mkono wake, anaiangalia paipu, kisha anainuka polepole kama mtu aliyeitwa jina lake kutoka mbali. Akakimbilia ndani. Alipotoka alikuwa ameshika mkasi.

Nipeni nafasi niuhutubie mkasi huo, maana unastahili. Ewe mkasi mkubwa wa chuma cheusi, uliyekata hariri na lasi, uliyelala kila siku ndani ya kitambaa chako mwenyewe, mke wa bwana wako alikutumia kukata karatasi mara moja tu, karatasi laini ya biskuti, na katika nyumba ile hayakusikika mazungumzo siku nzima. Watoto wa mtaa walijua kukugusa ni kujitafutia balaa. Wewe ndiwe uliyeletwa uani siku ile, mbele ya mashahidi, ukafunguliwa mdomo, ukawekewa paipu ya plastiki katikati. Futi akafumba macho. Akaminya. Ulitoa sauti ambayo sitaki kuieleza, na kipande cha paipu kisichozidi kidole kikaanguka sakafuni.

Mkewe akaweka mkono mdomoni. Hata mama mkwe aliinuka nusu kutoka kwenye kiti, kwa sababu yeye pia alikuwa anajua habari za mkasi ule. Lakini Futi hakuutazama ukingo wake kuona ulivyoharibika. Aliokota kipande, akakishika ngumini, akalifungua lango, akampita mkwewe kwa kuinamisha kichwa kwa adabu, na alipofika barabarani akaanza kukimbia, futi ikipepea nyuma yake mabegani.

Jua lilikuwa limeshaanza kushuka kuelekea paani. Yaliyotokea dukani sikuyaona, ila nimeyapata kwa kinyozi, aliyemwacha mteja na nusu ya kichwa ili ashuhudie. Subiri alikuwa ameshateremsha mlango wa bati mpaka kiunoni. Futi akainama akaingia kwa chini, akaweka kipande juu ya kaunta, akasema, "Leo sisemi neno. Hiki hapa."

Subiri akakichukua, akachungulia tundu lake, akatia kidole ndani, akatabasamu. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza mtaa kumwona akitabasamu. "Robo tatu hii," akasema. "Si ungesema tangu mchana?"

"Nilisema."

"Ulisema robo, vitatu."

"Si ndiyo robo tatu?"

Wakatazamana kupitia wavu. Kila mmoja akayarudia yale maneno kimoyomoyo, mara ya kwanza kwa haraka, mara ya pili kwa kupumzika katikati, na kinyozi anasema aliona lilivyowaingia wote wawili kwa pamoja. Hakuna aliyemlaumu mwenzake. Subiri akachukua vile vya robo, akapanda ngazi, akateremka na viwili vya kijivu, kimoja nyoofu na kimoja chenye kona, kila kimoja na pete yake ya mpira shingoni. Akasema ile kona ni ya kwenye pampu, kwa kuwa pampu imebanana na ukuta na paipu inahitaji kugeuka bila kuvunjika. Akauliza tundu la sanduku la swichi lina meno au ni tundu tupu. Futi akasema ni tundu tupu, na la pampu vilevile. Basi ni vya kiume, akasema Subiri, na nati zake za kukaza kwa ndani. Kisha akakichukua kipande cha paipu, akakisukuma kwenye kiungio. Kikaingia, kikatoa mlio mdogo wa kukaa mahali pake, na kilipovutwa hakikutoka. Kimeenea begani, kimeenea kifuani, hakikubana wala hakikulegea. Kinyozi anasema Futi alikibusu.

Aliporudi, fundi umeme alikuwa ameshafika anafungua mkoba wake, na jua lilikuwa limebakiza nafasi ya viganja viwili kugusa paa. Fundi akavigeuzageuza vile viungio kwenye mwanga, akatikisa kichwa kukubali, akazima swichi kuu. Akauvua waya wa zamani nguo yake ya hariri, akauliza huyu alikuwa anakwenda wapi amependeza hivi. Akapitisha waya mpya ndani ya paipu, akafunga kiungio kinyoofu kwenye sanduku, akafunga cha kona kwenye pampu, akakaza nati, mpira ukabana. Akawasha, akapima kwa kipimo chake, akapima tena, akasema imekwisha.

Mama mkwe alisema kwamba amefurahi kusikia hivyo, lakini yeye safari iliyopita hakurushwa na maneno. Akamwomba mkwewe achukue ndoo ya maji, aimwagie paipu yote, na viungio, na pampu yenyewe, kisha alowanishe mkono wake na kuishika pampu hiyo ikiwa inafanya kazi.

Majirani wote tulikuwa juu ya ukuta. Jua lilikuwa linagusa pembe ya paa. Futi alimwaga maji, yakatiririka juu ya mikunjo ya paipu, yakafika kwenye kona, yakaishia kwenye pete ya mpira yakadondoka chini. Akawasha pampu, ikanguruma. Akachovya mkono kwenye ndoo. Mkewe akasema jina la Mungu. Naye Futi, Mvisha Maharusi, Bingwa wa Pindo, Mtoa Mkasi Sadaka, akaunyoosha mkono unaodondosha maji, akaishika pampu kwa kiganja chote.

Na hapo, enyi wasikilizaji wangu, hakikutokea kitu.

Hakikutokea kitu kabisa. Hakurushwa, hakutetemeka, ndoo haikuanguka, kuku waliendelea kudonoa. Yeye alisimama tu ameishika pampu ya maji kama mtu aliyemshika rafiki bega, na jinsi kilivyoendelea kutotokea kitu ndivyo tulivyozidi kupiga makofi. Nimeshaona sherehe nyingi za mambo yaliyotokea. Hiyo ndiyo ya kwanza kwangu ya jambo ambalo halikutokea, na yote yaliyotokea hayaifikii.

Mama mkwe akainuka. Akakunja kilemba vizuri, akashika mguu mmoja wa kiti changu, akalisukuma lango na kuingia uani. Akaenda moja kwa moja mpaka pampuni, akachovya mkono, akaishika yeye mwenyewe. Kisha akageuka.

"Mwanangu," akamwambia binti yake, "rudisha begi lako ndani."

Akamwambia na mkwewe kwamba begi lake yeye bado liko nje, na ni zito, alishike kwa chini. Futi akalibeba. Alipopita karibu na ukuta wangu niliona machozi yanamtoka, naye hakujisumbua kuyafuta kwa kuwa mikono ilikuwa na kazi.

Mtoto alizaliwa juma hilohilo. Futi alikuwa kwenye ukumbi wa hospitali akipima urefu wa benchi kwa futi yake, kwa sababu hakujua afanye nini na mikono, mlango ulipofunguliwa na mama mkwe akatoka. Alisimama mbele yake, akamwacha ateseke kidogo, maana hakuwa amesahau ile bitana.

"Lile swali uliloulizwa dukani," akasema. "Jibu lake ni kike."

Hivyo ndivyo yalivyokuwa, na atakayewasimulia vingine hakuwa na ukuta mfupi. Siku hizi watu wakipita pale huonyeshwa ile kona ya kijivu chini ya tangi, na wanaojua huinamisha kichwa kidogo. Mkasi ulinolewa lakini haukurudi kuwa wenyewe, na sasa mke anakatia karatasi atakavyo. Subiri naye amejifunza kumuuliza kila mteja kama amekuja na kipande. Bitana ya hariri ilifuliwa, ikawa mshipi wa kofia ya mtoto.

Na kiti changu kiko kwao. Mama mkwe aliingia nacho siku ile na hakutoka nacho, wala yeye mwenyewe hajatoka. Kila asubuhi namwona kupitia juu ya ukuta ameketi juu ya mto wa maua mekundu, kando ya pampu inayonguruma, mjukuu amelala kifuani, na mimi nakunywa chai yangu nikiwa nimesimama.